Mama Hawa na mwanawe Ahmed: miaka 46 ya kuutafuta ukweli

SEHEMU YA 1

Wiki hii nimeweka pembeni mambo ya chanjo na uji wa lishe. Nataka niwasimulie habari ya mama mmoja wa Afrika Kusini ambaye mwanawe alikamatwa na polisi akiwa mzima, na siku chache baadaye akarudishiwa maiti. Akaambiwa kajirusha mwenyewe dirishani.

Nitaigawa vipande vipande kwa sababu ni ndefu, na mama mwenye mtoto mchanga hana muda wa kusoma vyote kwa mkupuo mmoja. Nawaomba pia msiisome kwa sauti mbele ya watoto wadogo. Ina mambo mazito. Kama umefiwa karibuni, iache kwanza, utairudia siku ukiwa na nguvu.

Kwa nini nesi aandike historia? Mtanijibu wenyewe mkifika sehemu ya tatu, maana kesi hii kwa kiasi kikubwa iliamuliwa na majeraha. Majeraha ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Basi tuanze. Mama anaitwa Hawa Timol. Mume wake ni Haji Yusuf Timol. Ni Waislamu wenye asili ya India, wanaishi Roodepoort, mji mdogo magharibi ya Johannesburg. Mtoto wao Ahmed amezaliwa tarehe 3 Novemba 1941 huko Breyten. Mwaka 1971 ana miaka 29, ni mwalimu wa shule pale pale Roodepoort, hajaoa, anakaa na wazazi wake.

Ni mwezi wa Ramadhani. Usiku wa Ijumaa tarehe 22 Oktoba 1971 Ahmed yuko kwenye gari na rafiki yake, Salim Essop, mwanafunzi wa udaktari. Polisi wanawasimamisha kwenye kizuizi cha barabarani eneo la Coronationville. Wanafungua buti. Ndani wanakuta vipeperushi vya vyama vilivyopigwa marufuku, ANC na Chama cha Kikomunisti.

Kutoka hapo Mama Hawa hakumwona tena mwanawe akiwa hai.

SEHEMU YA 2

Jana wengine mliuliza kwenye komenti: hivi huyu kijana alikuwa na kosa au hana? Swali zuri, tusilikimbie.

Ndiyo, Ahmed alikuwa anafanya siasa za siri. Serikali ya wakati ule ilikuwa ya ubaguzi wa rangi. Mtu ambaye si mzungu alikuwa hana kura ya kuchagua bunge lile, na alipangiwa pa kuishi, shule ya kusoma, hata benchi la kukalia. Ahmed alikwenda kuhiji Makka, akaunganisha hadi Uingereza, akafundisha shule huko, kisha akapelekwa Moscow kwa mafunzo ya kisiasa pamoja na Thabo Mbeki, yule aliyekuja kuwa rais baadaye. Angeweza kubaki Ulaya. Akarudi nyumbani mwaka 1970, akaendelea kufundisha darasani mchana, na kwa siri akachapa na kusambaza vipeperushi.

Kwa sheria za siku zile hilo lilikuwa kosa kubwa. Lakini hata mtu mwenye kosa anapelekwa mahakamani, hakimu anamsikiliza, anahukumiwa. Sheria yao ya Ugaidi ya mwaka 1967 iliruhusu polisi kumshikilia mtu bila kumfikisha mahakamani, bila wakili, bila ndugu kumwona, kwa muda wowote wanaotaka. Yaani mtu anaingia mlangoni, na nje hakuna mwenye haki hata ya kuuliza amekula nini.

Ahmed na Salim walipelekwa John Vorster Square, makao makuu ya polisi Johannesburg, jengo refu la rangi ya buluu. Ofisi za polisi wa usalama zilikuwa ghorofa ya 9 na ya 10.

Huku nyumbani polisi walikuja mara kadhaa, wakapekua kila kona. Mama Hawa akawaomba amwone mwanawe. Wakakataa. Alikuja kusimulia mwenyewe baadaye kwamba mmoja wao alimwambia maneno ambayo mama hawezi kuyasahau: eti kwa kuwa yeye hakumchapa mwanawe alipokuwa mdogo, sasa wao ndio wanamchapa.

Mama zangu, hebu fikiria unaambiwa hivyo huku umeshika sufuria ya futari.

Jumatano tarehe 27 Oktoba polisi wakarudi tena. Safari hii walikuja kutoa taarifa: Ahmed amejirusha kutoka ghorofa ya 10, amekufa.

Mdogo wake Ahmed, Mohammed, naye alikuwa ameshakamatwa huko Durban. Hakuruhusiwa hata kwenda kumzika kaka yake.

SEHEMU YA 3

Leo ndiyo sehemu niliyowaambia ya majeraha. Nitaeleza taratibu.

Kwetu Waislamu, na hata msio Waislamu mnajua, maiti haizikwi hivi hivi. Anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa. Wanaume wanamwosha mwanamume. Sasa serikali inaweza kufunga mafaili, inaweza kuwatisha waandishi wa magazeti, lakini haiwezi kumzuia mzee wa msikitini asione anachokiosha. Wanaume waliomwosha Ahmed waliona mwili uliojaa michubuko na majeraha, na habari zikatoka. Miaka 46 baadaye mmoja wao alisimama mahakamani kueleza alichokiona siku ile.

Mtu aliyeanguka kutoka juu ana majeraha, hilo halina ubishi. Mifupa inavunjika, viungo vya ndani vinapasuka. Kwa hiyo polisi walikuwa na jibu rahisi: ameanguka, ndiyo maana ameumia. Inakuwaje basi daktari aseme haya ni ya kuanguka na yale si ya kuanguka?

Jibu ni muda. Kidonda kina saa yake. Mtoto wako akijigonga leo, paji la uso linavimba, linakuwa jekundu au la zambarau. Siku zikipita rangi inabadilika, inaelekea kijani, halafu manjano. Mkwaruzo wa leo unatoa majimaji, wa siku mbili tatu una kigaga. Hata ndani ya nyama, ukikata kipande kidogo ukakitazama kwa darubini, unakuta chembe za mwili zimeshafika kuanza ukarabati. Mwili ukishakufa ukarabati unasimama. Kwa hiyo jeraha lenye kigaga maana yake mtu alikuwa hai kwa muda baada ya kulipata. Lile la kuanguka na kufa papo hapo haliwezi kuwa na kigaga.

Ahmed alikuwa na majeraha ya namna hiyo. Mengi. Yalikuwa yameanza kupona kabla hajafika chini.

Familia ilifanya jambo moja la busara sana. Ilimweka daktari wake yenyewe, Jonathan Gluckman, bingwa wa uchunguzi wa maiti, ashuhudie uchunguzi pamoja na daktari wa serikali. Gluckman akasema wazi kwamba yale majeraha ya awali yanalingana na siku ambazo Ahmed alikuwa mikononi mwa polisi. Kumbukeni jina hili. Miaka sita baadaye daktari huyo huyo aliitwa na familia ya Steve Biko. Na mwaka 1992 alijitokeza magazetini akiwa na mafaili ya watu wapatao 200 waliokufa mikononi mwa polisi, akiamini wengi wao waliuawa na polisi.

Na yule rafiki, Salim Essop? Alipigwa hadi akapoteza fahamu, akapelekwa hospitali. Baba yake akapata habari, akaenda hadi hospitali huko Pretoria, akamwona mwanawe kwa mbali tu chini ya ulinzi wa polisi. Hakurudi nyumbani kulia. Alikwenda mahakamani kuomba amri ya kuwazuia polisi wasiendelee kumpiga. Salim alifungwa miaka kadhaa, lakini aliishi. Mtu aliyeishi ni shahidi. Tutakutana naye tena.

SEHEMU YA 4

Mwaka 1972 kukafanyika uchunguzi wa kifo mahakamani. Kwa wasioujua, hii si kesi ya kumshtaki mtu. Hakimu anakaa, anasikiliza ushahidi, anasema marehemu alikufaje na kama kuna wa kulaumiwa.

Familia ilikuwa na mawakili wakubwa. Mmoja alikuwa George Bizos, yule yule aliyekuwa kwenye timu ya kumtetea Mandela.

Polisi wakaeleza hivi. Ahmed alikuwa chumba namba 1026. Maofisa wawili waliokuwa wanamhoji wakatoka. Akabaki na Sajenti Joao Rodrigues, karani wa polisi kutoka Pretoria, ambaye alikuja tu na kahawa na hundi za mishahara. Ahmed akaomba kwenda chooni. Rodrigues alipoinuka, Ahmed akakimbilia dirishani, akafungua, akaruka. Hakuguswa na mtu. Alikuwa anatendewa vizuri tu.

Na yale majeraha yenye kigaga? Hakimu J. L. de Villiers akasema huenda aligombana na watu kabla hajakamatwa.

Jamani. Ijumaa mchana kijana yuko kwa wazazi wake mzima, ni mwalimu, hakuna aliyemwona na jeraha. Lakini ndivyo ilivyoandikwa. Tena wakaleta karatasi ya propaganda wakidai ni maagizo ya wakomunisti kwamba mtu akikamatwa ajiue asije akawataja wenzake. Hitimisho: amejiua, hakuna wa kulaumiwa.

Kwa familia ya Kiislamu hukumu hiyo ilikuwa na sumu ya pili. Ukiambiwa mwanao kajiua unabeba msiba, na juu yake unabeba aibu ya dini. Majirani wananong'ona. Mama Hawa alikuwa anamjua mwanawe: mtu aliyehiji, anayewasomesha wadogo zake, aliyekamatwa mwezi mtukufu. Hakuwahi kukubali.

Niwape na picha ya jumla ili msidhani ilikuwa bahati mbaya ya siku moja. Kati ya mwaka 1963 na 1990 watu zaidi ya 60 walikufa mikononi mwa polisi wa usalama wa Afrika Kusini. Sababu zilizotolewa ukizipanga zinafanana: huyu kaanguka kwenye ngazi, huyu kateleza kwenye sabuni, huyu kajinyonga, huyu kajirusha. Imamu Abdullah Haron wa Cape Town alikufa Septemba 1969 baada ya kushikiliwa miezi minne. Wakasema alianguka kwenye ngazi.

SEHEMU YA 5

Miaka ikaenda. Baba wa familia akafariki bila kujua chochote zaidi ya ile karatasi ya 1972. Ubaguzi ukaanguka, Mandela akachaguliwa mwaka 1994.

Nchi ikaunda Tume ya Ukweli na Maridhiano, mwenyekiti wake Askofu Mkuu Desmond Tutu. Makubaliano yalikuwa hivi: aliyetenda uovu kwa sababu za kisiasa akija akasema ukweli wote, anaweza kupewa msamaha, hashtakiwi. Asiyekuja anaweza kushtakiwa.

Mwaka 1996 Mama Hawa alikwenda mbele ya Tume pale Johannesburg. Sasa ni bibi mzee. Akasimulia jinsi walivyopekua nyumba, alivyoomba amwone mwanawe akakataliwa, yale maneno ya kumchapa, na ile siku ya Jumatano. Miaka 25 ilikuwa imepita na hakusahau kitu. Alichotaka ni kujua mwanawe alifanywa nini, na nani.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi, na nawaambia kitu ninachokijua. Mama aliyepoteza mtoto, akija kliniki miaka mingi baadaye ukimuuliza una watoto wangapi, anamhesabu na yule. Anakwambia watano, mmoja hayupo. Haachi kumhesabu.

Hakuna hata polisi mmoja aliyejitokeza mbele ya Tume kuhusu Ahmed. Si kuomba msamaha, si kuomba radhi, hata kukanusha. Kimya. Walikuwa hai, wanakula pensheni.

Mama Hawa alifariki mwaka 1997.

Mwaka 1999 Mandela alikwenda Azaadville kuipa shule ya sekondari jina la Ahmed Timol. Mama yake hakuwepo kuiona.

SEHEMU YA 6

Wengi wetu tungesema, basi, wazazi wote wamekwenda, yaliyopita yamepita. Hapa ndipo anapoingia mpwa.

Imtiaz Cajee ni mtoto wa dada yake Ahmed. Mjomba wake alipokufa yeye alikuwa mtoto mdogo, hajaanza hata kusoma vizuri. Alikua akisikia jina la mjomba nyumbani na kuona bibi yake anavyoumia. Yale aliyoyasema bibi mbele ya Tume yakamwingia. Akaanza kukusanya: kumbukumbu za mahakama, barua, picha, majina ya waliomwona Ahmed siku za mwisho. Alikuwa na kazi yake na familia yake, hii alikuwa anaifanya pembeni. Mwaka 2005 akatoa kitabu.

Wakati huo huo serikali mpya nayo ilikuwa inavuta miguu. Tume ilikabidhi kwa waendesha mashtaka mafaili yapatayo 300 ya watu ambao hawakupata msamaha. Yakakaa kabatini. Baadaye waliokuwa wakubwa wa ofisi hiyo walikula kiapo mahakamani kwamba waliingiliwa na wanasiasa ili kesi zisiende mbele. Nasema hili kwa sababu tunapenda kuamini kwamba akitoka mbaya akaingia wetu, haki inakuja yenyewe. Familia za Afrika Kusini zilijifunza kwamba hata "wetu" lazima uwafuate, ugonge mlango, urudi tena kesho.

Imtiaz aligonga. Akapata mawakili wa haki za binadamu na mpelelezi mstaafu, Frank Dutton, aliyesifika kwa kufichua uovu wa polisi wa zamani. Wale maofisa wawili waliokuwa wanamhoji Ahmed walikuwa wameshakufa. Lakini Sajenti Rodrigues, yule wa kahawa, alikuwa hai. Mzee, anakaa zake.

Mwaka 2016 ofisi ya mwendesha mashtaka ikakubali: uchunguzi wa kifo cha Ahmed Timol utafunguliwa upya.

SEHEMU YA 7

Juni 2017. Miaka karibu 46. Jaji ni Billy Mothle.

Salim Essop akaja. Sasa ana nywele nyeupe. Akaeleza alivyopigwa, alivyopigwa shoti za umeme, na jinsi alivyoona kwa nukta chache mtu aliyefunikwa kichwa akiburutwa kwenye korido, akaamini ni Ahmed. Mohammed, yule mdogo aliyenyimwa kumzika kaka yake, akatoa ushahidi. Bizos, mzee wa miaka 89, akatoa ushahidi. Watu wengine waliowahi kuteswa jengo lile wakaja mmoja baada ya mwingine. Ulikuwa kama mkutano wa watu waliofungwa midomo miaka 40.

Wakaja na mashahidi wa kawaida kabisa, watu waliokuwa karibu na jengo siku ile. Polisi walikuwa wamesema Ahmed alianguka saa 10 kasoro alasiri. Hawa wakasema walichokiona kilikuwa mapema zaidi, asubuhi. Kama ni asubuhi, basi ile hadithi ya kahawa ya alasiri inasimama wapi?

Kisha madaktari bingwa wawili wa uchunguzi wa maiti, Profesa Steve Naidoo na Daktari Shakeera Holland. Mwili haukuhitaji kufukuliwa. Walisoma ripoti ya 1971. Zile karatasi zilikuwa zimehifadhiwa, na kila jeraha limeandikwa liko wapi na lina ukubwa gani. Wakayatenganisha: haya ya kuanguka, haya ya kabla. Na ya kabla yalikuwa mabaya: fuvu lililobonyea, taya, mguu. Wakasema mtu mwenye hali ile asingeweza kuinuka ghafla, kukimbia, kufungua dirisha na kuruka.

Mnaona sasa kwa nini nilisema kazi yangu? Daktari wa mwaka 1971 aliandika alichokiona. Hakimu wa 1972 akakipindisha. Lakini maandishi yalibaki, na yakasubiri mtu wa kuyasoma kwa haki. Kila siku nikimaliza zamu naandika kwenye faili la mgonjwa, mkono umechoka, nasikia uvivu. Siku hizi nikitaka kuandika "hali nzuri" tu niondoke, namkumbuka Ahmed.

Rodrigues naye akaitwa. Akashikilia ile ile: kahawa, chooni, dirisha.

Tarehe 12 Oktoba 2017 Jaji Mothle akasoma uamuzi. Ahmed Timol hakujiua. Aliteswa, kisha alisukumwa kutoka ghorofa ya 10 au kutoka juu ya paa. Ni mauaji, na waliohusika ni polisi wa usalama waliokuwa naye. Rodrigues alishiriki kuficha, achunguzwe kwa ajili ya kushtakiwa.

Ile karatasi ya "amejiua" ikafutwa. Miaka 20 baada ya Mama Hawa kuzikwa.

SEHEMU YA 8

Najua mnataka niseme Rodrigues alifungwa. Hapana.

Mwaka 2018 alishtakiwa kwa mauaji na kuvuruga haki. Akaenda mahakamani kuomba kesi ifutwe moja kwa moja: amezeeka, muda umepita mno. Mwaka 2019 akashindwa. Akakata rufaa. Juni 2021 akashindwa tena. Septemba 2021 akafa, ana miaka 82, kesi yenyewe haijaanza kusikilizwa. Akaondoka na anachokijua.

Kwa hiyo mpaka leo hakuna mtu hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa kumuua Ahmed Timol. Tunajua aliuawa. Tunajua chumba. Mkono uliomsukuma hakuna aliyeutaja.

Dada mmoja aliniandikia faragha: sasa nesi, faida yake nini? Miaka yote hiyo, hela zote hizo, na mtu kafa kwake.

Nimelala nalo hilo swali. Jibu langu ni hili. Kwanza, watoto wa familia ile hawasemi tena "mjomba alijiua". Hilo peke yake kwangu ni kubwa. Pili, mlango ulifunguka kwa wengine. Uamuzi wa Timol ulikuwa wa kwanza wa aina yake, na baada yake familia nyingine zikasimama.

Daktari Neil Aggett, daktari kijana mzungu aliyekuwa anatetea wafanyakazi, alikutwa amening'inia ndani ya John Vorster Square Februari 1982. Wakasema kajinyonga. Machi 2022 jaji akasema aliuawa.

Imamu Haron, yule wa "kaanguka kwenye ngazi". Oktoba 2023 jaji akasema alikufa kwa mateso. Mke wake, Mama Galiema, alingoja miaka 50. Alifariki tarehe 29 Septemba 2019, tarehe ile ile aliyozikwa mumewe mwaka 1969. Watoto wake ndio waliosikia uamuzi.

Na mwaka 2025 Rais Ramaphosa aliunda tume ya majaji kuchunguza kwa nini yale mafaili ya Tume ya Ukweli yalikaa kabatini, na nani aliyazuia. Nayo hiyo ilitokana na familia kwenda mahakamani kuidai serikali.

Ukitazama orodha, wengi wa waliokuwa wanaidai haki walikuwa kina mama na wajane. Wengi wao hawakuifikia. Waliibeba mpaka walipochoka, kisha mtoto au mjukuu akaipokea.

SEHEMU YA 9, YA MWISHO

Leo nafunga. Sitaki niwaache na huzuni tu, nataka niwaachie na vitu vya kufanya, maana haya mambo si ya Afrika Kusini peke yake na si ya siasa peke yake. Mtu anaweza kuumizwa kwa mume, kwa mwajiri, kwa mlevi wa baa, barabarani.

Moja. Ndugu yako akija na majeraha, nenda hospitali mapema. Kumbukeni saa ya kidonda. Ukisubiri wiki mbili uone kama yataisha, na ushahidi nao unaisha. Kama ni kupigwa au kubakwa, kwa Tanzania utahitaji fomu ya polisi, PF3, na Kenya ni P3. Lakini kama hali ni mbaya, uhai kwanza, njoo utibiwe, fomu itafuata. Na aliyebakwa asioge kabla hajaonwa na daktari. Najua ni kitu cha kwanza mtu anachotaka kufanya. Avumilie, na awahi, maana dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72.

Mbili. Sema ukweli kwa nesi na daktari. "Nimeanguka bafuni" ukishaisema inaandikwa, na siku ukitaka haki ndiyo itakayosomwa. Kama unaogopa aliyekusindikiza, omba kuongea na nesi peke yako. Tumezoea, hatutashangaa.

Tatu. Tunza karatasi. Kadi, fomu, vipimo, picha yenye tarehe. Weka kwenye mfuko wa nailoni, mbali na panya na mvua. Kama una simu, piga picha ya kila karatasi, mtumie na mtu mmoja unayemwamini.

Nne. Ukifiwa na una shaka, sema kabla ya kuzika. Una haki ya kuomba uchunguzi wa mwili. Najua dini na mila zinatuharakisha, na kuharakisha ni heshima kwa marehemu. Lakini familia ya Timol ilikuwa na dini, ilimzika kwa heshima, na bado ilihakikisha daktari wake yupo. Bila Gluckman kwenye chumba kile, sijui kama leo tungekuwa na la kusimulia.

Tano, kwa sisi tuliovaa sare nyeupe. Kule Afrika Kusini wapo madaktari walioandika walichokiona, na wapo waliofumba macho. Steve Biko alionwa na madaktari akiwa ameumia kichwani, na bado akaruhusiwa kusafirishwa uchi nyuma ya gari usiku, kilomita zaidi ya 1,000, akafa. Daktari mmoja kati yao alifutiwa leseni mwaka 1985. Jina lake limeandikwa kwenye historia kwa lile alilokaa kimya. Wenzangu, tuandike.

Sita, waambieni watoto. Si yote, kwa umri wao. Lakini mtoto ajue bibi yake alipigania nini. Imtiaz hakukumbuka sauti ya mjomba wake. Alichokuwa nacho ni bibi aliyekataa kunyamaza, na hicho ndicho kilichomfikisha mahakamani mwaka 2017.

Jengo la John Vorster Square bado lipo, sasa ni Kituo Kikuu cha Polisi Johannesburg. Watu wanaingia na kutoka, wanaripoti simu zilizoibiwa. Makaburi ya Waislamu ya Roodepoort nayo yapo, na Ahmed amelala hapo tangu mwezi wa Ramadhani mwaka ule.

Wiki ijayo turudi kwenye mambo yetu, nimeahidi kuongelea homa ya manjano ya watoto wachanga. Leo nikimaliza zamu nitapitia mafaili yangu yote mara ya pili kabla ya kukabidhi.